Sebule yetu imekuwa gereji: nimekosea wapi?

*“Mtindo wa kiwandani nimeupenda siku nyingi: chuma cheusi, matofali wazi, balbu zenye nyuzi zinazoonekana. Tulipohamia nyumba hii nikasema zamu yangu imefika. Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu. Sebule ni mita nne kwa tano, dari ya jipsamu iko mita mbili na nusu kutoka chini, kuta nyeupe, vigae vya kijivu. Nimepaka ukuta wa nyuma ya sofa rangi ya mkaa. Nimenunua rafu ya mabomba, saa kubwa ya gia, taa tatu za balbu tupu, viti vinne vya chuma na seti ya mapambo ya magurudumu ya meno. Kila kimoja ni kizuri kikiwa peke yake, ila vyote kwa pamoja, mume wangu anasema tumehamia gereji. Tukizungumza sauti inarudi. Usiku macho yanachoka. Na ule ukuta wa mkaa bado mtupu kwa sababu sijui nitundike sanaa gani. Tuna mtoto wa miaka miwili. Je, niongeze, nipunguze, au nikubali kwamba mtindo huu si wa nyumba kama yetu?”*

Dada yangu, mume wako amekusaidia kuliko anavyojua. Hakusema sebule ni mbaya, amesema ni gereji, na gereji ni mahali ambapo vifaa vimepangwa vizuri ila binadamu hakupangiwa pa kukaa. Sauti inayorudi, macho yanayochoka na ukuta uliokushinda unavihesabu kama shida tatu, lakini mimi naona vimetoka chungu kimoja. Jibu la haraka ni hili: punguza kwanza, kisha ongeza, na unachoongeza kisiwe chuma. Nyumba yako haina kosa. Dari ya mita mbili na nusu haijamkataza mtu mtindo huu, inamlazimisha tu kuchagua zaidi.

Nianze na dhana ambayo nadhani ndiyo iliyokupeleka huko. Watu wengi huamini kuwa mtindo wa kiwandani ni mkusanyiko wa vitu vya chuma: ukiwa na mabomba, gia na balbu za zamani, basi umefika. Ulianza kinyume kabisa. Katikati ya karne ya 20, eneo la SoHo mjini New York lilikuwa limejaa majengo ya karne ya 19 yenye nguzo na nyuso za chuma cha kalibu, na viwanda vidogo na maghala yaliyokuwa humo yalikuwa yakihama. Zikabaki ghorofa tupu, pana, zenye madirisha makubwa na kodi ndogo. Wasanii wakaingia, wengi kinyume cha sheria, maana majengo hayo hayakuruhusiwa kuwa makazi. Mwaka 1971 jiji lilibadili kanuni ili wasanii waliothibitishwa waweze kuishi pale, na mwaka 1982 jimbo likapitisha sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya aina hiyo. Mabomba waliyaacha wazi kwa sababu hawakuwa na fedha za kuyafunika. Matofali yalionekana kwa kuwa hakuna aliyeyapiga lipu. Kiwanda walikikuta, wao walileta kitanda, zulia, vitabu, sufuria na kazi zao za sanaa.

Msanii Donald Judd alinunua jengo namba 101 la Spring Street mwaka 1968, jengo la mwaka 1870. Leo linatembelewa kama makumbusho, na anayetarajia kukuta minyororo na gia atashangaa: kuna sakafu pana, samani chache, na sanaa kubwa iliyopewa nafasi ya kupumua. Wewe umetembea njia hiyo kinyumenyume. Nyumba haikuwa kiwanda, ukakileta kiwanda kwa vipande, na vipande vikamaliza nafasi ya vile vitu vingine.

Kuna jambo jingine kuhusu majengo yale ambalo picha za mapambo hazikuambii. Dari zao ni ndefu na madirisha ni makubwa kwa sababu yalijengwa kabla ya umeme kuwa na nguvu ya kutosha, na mwanga wa jua ulitakiwa umfikie hata mfanyakazi aliyesimama katikati ya ghorofa. Kadiri dirisha linavyopanda juu, ndivyo mwanga unavyoingia ndani zaidi. Ndiyo maana ukuta mweusi mle hauonekani mzito. Unazama ndani ya mwanga. Rangi ya mkaa hurudisha chini ya asilimia 10 ya mwanga unaoiangukia, wakati nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya 80. Katika chumba chako, ukuta mmoja wa mkaa ni mapambo, wawili ni pango. Uliishia kwenye mmoja, na hapo ulifanya vema. Usiubadilishe, tutauhitaji.

Sasa hizo gia. Nitasema bila kuzunguka: zitoe. Gurudumu la meno ni kitu kizuri kwa sababu meno yake yanashikana na meno mengine na kitu kikasogea. Likigandishwa ukutani bila kusogeza chochote, jicho halishughuliki nalo. Mimi kila kifaa nakiuliza swali moja kabla ya kukinunua: ulikuwa unafanya kazi gani, au unafanya gani sasa? Rafu yako ya mabomba inajibu vizuri, kwani inabeba vitabu. Ibaki. Saa inajibu kama inaonyesha saa na si mchoro wa gia wenye mishale. Ikiwa inasomeka ukiwa umekaa kwenye sofa, ibaki nayo, ila isiwe kwenye ukuta mmoja na sanaa. Seti ya magurudumu haina la kusema.

Vifaa vilivyoupa mtindo huu heshima yake vyote vilikuwa na kazi. Mwaka 1932 George Carwardine, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akishughulika na springi za magari, alitengeneza taa ya mkono wenye springi inayokaa popote unapoiweka. Ndiyo asili ya taa maarufu ya Anglepoise. Mwaka 1950 Jean-Louis Domecq, fundi wa Lyon, Ufaransa, alibuni taa ya karakana ambayo viungo vyake havina waya ndani, umeme unapita kwa mguso wa vyuma, kwa sababu alichoshwa na waya zinazokatika kila mkono wa taa unapokunjwa. Xavier Pauchard, Mfaransa mwingine, mwaka 1934 alitoa kiti cha bati la chuma lililopakwa zinki, kile ambacho naamini viti vyako vinne ni wajukuu wake. Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta pambo. Hukulazimika kununua vya asili, bei zake ni za wakusanyaji. Ninachotaka uone ni kwamba taa moja yenye mkono unaokunjika, iliyowekwa pale unaposomea, italeta kiwanda chumbani kuliko magurudumu ya meno hamsini.

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha kwa kununua vitu visivyosaidia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno la mwalimu lilielea sekunde tano na zaidi, likagongana na maneno yaliyofuata, wanafunzi wasielewe kitu. Kazi ya kuurekebisha akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Unajua alichofanya? Usiku, watu wakiwa wamelala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo kidogo kidogo, akapiga filimbi ya kinanda cha bomba, na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufifia. Kila mito ilipoongezeka, muda ulipungua. Sayansi ya sauti katika majengo ilizaliwa kwa kuhamisha mito.

Sebule yako ni ukumbi ule kabla ya mito. Vigae, lipu, kioo na chuma ni vigumu na laini juu, kwa hiyo vinairudisha karibu sauti yote. Zege hunyonya takriban asilimia 2 tu. Pazia zito lililoachwa na mikunjo hunyonya karibu nusu ya sauti za kimo cha kati, yaani pale sauti ya mtu ilipo. Mikunjo ni muhimu, hivyo nunua kitambaa chenye upana mara mbili ya dirisha. Zulia lifuate, nene, lenye mkeka wa chini, na kubwa kiasi kwamba miguu ya mbele ya sofa na viti inakaa juu yake. Zulia dogo linaloelea katikati ya vigae kama kisiwa halisaidii sauti na linafanya chumba kionekane kidogo zaidi. Rafu yako ukiijaza vitabu vya vimo tofauti, nayo itatawanya sauti vizuri sana. Picha ya kioo haisaidii. Kanvasi nyembamba inasaidia kidogo, na zaidi ukibandika felti nene nyuma yake, ndani ya fremu ya mbao, mahali pasipoonekana.

Najua hofu yako: mapazia na mazulia yataua mtindo. Hapana. Hayo maghala ya SoHo unafikiri yalihifadhi nini? Sehemu kubwa ilikuwa vitambaa. Viwanda vingi vya karne ya 19 vilikuwa vya nguo. Turubai, gunia, felti, ngozi, pamba nzito isiyopakwa rangi: hivi vyote ni vya kiwandani sawa na chuma, ila havipigwi picha sana. Tupa ngozi au mto juu ya viti viwili kati ya vinne. Chuma na mbao vikiwa chumba kimoja vina joto lile lile, lakini chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, kwa hiyo hulinyang’anya la mkono wako papo hapo na wewe unasema ni baridi. Jicho limejifunza hilo kutoka kwa mkono, linahisi baridi hata kabla hujagusa.

Macho kuchoka usiku ni kosa la taa, nalo lina sababu mbili zinazoongezeana nguvu. Balbu tupu ni sehemu ndogo sana yenye mwanga mkali, na nyuma yake umeweka ukuta wa mkaa. Jicho linafungua mboni kwa ajili ya giza, kisha linapigwa na balbu. Ukuta ungekuwa mweupe, jicho lingeumia kidogo tu. Ajabu ni kwamba viwanda vya kweli havikuning’iniza balbu tupu mbele ya uso wa mtu. Vilitumia vifuniko vya chuma vyenye kina, vyeupe kwa ndani, vinavyoficha balbu na kuutupa mwanga chini kwenye kazi. Ukivalisha taa zako vifuniko vya namna hiyo utapunguza uchovu na utakuwa mwaminifu zaidi kwa mtindo, yote kwa mara moja.

Angalia pia namba kwenye pakiti ya balbu. Kelvini 2200 hutoa rangi ya asali, 2700 ni mwanga wa nyumbani uliotulia, 4000 kwenda juu ni mwanga wa gereji, nao ukikutana na vigae vya kijivu hauna huruma. Nunua za LED zenye umbo la nyuzi, maana za kizamani hula umeme mwingi na hutoa joto kuliko mwanga. Badala ya taa tatu kutoka darini, nenda na vimo vitatu: moja inayoning’inia juu ya meza, sentimita 70 hadi 80 kutoka juu ya meza, moja ya kusomea pembeni ya sofa, na moja ndogo inayoangazia sanaa ukutani. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha balbu imeandikwa kuwa inaikubali, la sivyo itapepesa.

Sasa ukuta. Nimeuacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu sanaa ndiyo inayoamua kama chumba ni cha mtu au ni duka la vifaa.

Kwanza ukubwa. Kosa ninalokutana nalo kila mara ni picha ndogo juu ya sofa kubwa. Chukua upana wa sofa, tafuta theluthi mbili zake: sofa ya mita 2.1 inataka kazi, au kundi la kazi, lenye upana wa karibu mita 1.4. Ukingo wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa sofa. Pasipo na sofa, kitovu cha picha kiwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni. Kabla ya kutoboa chochote, kata magazeti kwa ukubwa huo, yabandike kwa tepu ya karatasi, uishi nayo siku mbili.

Kisha, picha gani? Bernd na Hilla Becher, mume na mke Wajerumani, kuanzia mwaka 1959 walizunguka kupiga picha za minara ya maji, tanuri za chuma, matangi ya gesi. Daima nyeusi na nyeupe, daima anga la mawingu ili pasiwe na kivuli, kitu kikiwa katikati, hakuna mtu. Halafu wakazipanga kwa safu, tisa, kumi na mbili, kumi na tano, za aina moja. Ukiona mnara mmoja unaona mnara. Ukiona tisa unaanza kuona tofauti: huyu ana miguu minne, huyu ana kofia, huyu kama chungu. Mwaka 1990 walipewa tuzo kubwa ya maonyesho ya Venice, na ilikuwa tuzo ya uchongaji, ingawa walileta picha. Nakueleza yote haya kwa sababu mbinu yao unaweza kuiazima bila kununua picha yoyote. Chagua aina moja ya kitu chenye kazi: makufuli, bawaba, koki za maji, mikono ya mafundi ikiwa kazini. Piga tisa, umbali ule ule, mwanga ule ule, nyeusi na nyeupe. Zichapishe kwa mraba wa sentimita 30, fremu nyembamba nyeusi zinazofanana, nafasi ya sentimita 5 kati yake. Utapata mraba wa mita moja, ambao hakuna mtu mwingine duniani anao.

Njia ya pili ni picha za viwanda za zamani. Mwaka 1927 mpiga picha Charles Sheeler alikipiga picha kiwanda cha magari cha Ford cha River Rouge nchini Marekani kama mtu anayepiga picha kanisa kuu, na mwenzake Lewis Hine mwaka 1920 alimpiga picha fundi wa pampu ya mvuke akiwa ameinama na spana, mwili wake ukifuata duara la chuma. Mimi nampenda Hine zaidi kwa sababu kuna mtu ndani. Ila Hine huyo huyo, miaka kumi na kitu kabla, alizunguka akiwapiga picha watoto waliokuwa wakifanya kazi viwandani na migodini, ili kazi hiyo ikomeshwe. Picha hizo si za juu ya sofa. Nazitaja kwa sababu mtindo huu una tabia ya kuusahau upande huo, na mtu anayetundika kiwanda nyumbani kwake si vibaya akijua anatundika nini.

Njia ya tatu ni michoro ya kiufundi: ramani za mashine, madaraja, hati za uvumbuzi za karne iliyopita na ile kabla yake, nyingi zikiwa huru kuchapishwa upya. Ile ya bluu yenye mistari myeupe imetokana na mbinu ya kemikali ambayo mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliigundua mwaka 1842, na bluu yake ikiwekwa kwenye ukuta wa mkaa inang’aa vizuri mno.

Na njia ya nne, ambayo ningeichagua kama ukuta ungekuwa wangu: turubai moja kubwa ya dhahania yenye rangi. Rangi kweli, si kijivu kingine. Machungwa ya kutu, njano ya haradali, kijani kilichokolea. Wale wasanii wa maghala walichora kubwa kwa sababu hatimaye walikuwa na kuta kubwa. Na usidanganywe kwamba kiwanda hakina rangi. Jengo la Pompidou mjini Paris, lililofunguliwa mwaka 1977, limetoa mabomba yake yote nje na kuyapaka kwa maana: bluu ni hewa, kijani ni maji, njano ni umeme, nyekundu ni njia za watu. Ukuta wako wa mkaa ulikuwa ukisubiri kitu cha aina hiyo tangu siku ulipokauka. Zile picha tisa ziende ukuta mweupe ulio mkabala.

Mabango ya bati yenye maneno siyapendi. Ukishasoma mara ya kwanza, yameisha. Sanaa ya bati zito nayo ina hesabu yake: kipande cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita 3 kina uzito wa zaidi ya kilo 23. Niliwahi kutundika kitu cha namna hiyo, nikaamini plagi za plastiki za kushikia skrubu zilizokuja nacho ndani ya boksi. Kilianguka usiku, chumba kikiwa hakina mtu, na tangu siku hiyo za boksi nazitupa. Juu ya sofa anapolala mtoto, usiweke bati zito, uwe umekifunga vipi.

Kwenye utundikaji, gonga ukuta kwanza. Ukilia kama ngoma ni jipsamu au mbao, unahitaji vishikio vya ukuta wenye uwazi. Ukiwa mgumu, tumia drili inayotwanga, ncha ya zege, na plagi inayolingana na skrubu. Tumia sehemu mbili za kushikia na pimamaji, si msumari mmoja na kamba. Kwa kazi za karatasi kwenye ukuta wa nje, bandika vipande vya kizibo cha chupa au mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Zege na lipu hushika unyevu, karatasi huunywa, na baada ya msimu mmoja unaona madoa ya kahawia. Jua la moja kwa moja nalo hufifisha.

Kuhusu matofali hujaniuliza, lakini nahisi utaniuliza. Ya karatasi yanadanganya ukiwa mbali na kujisaliti kwenye kona, kwa sababu tofali halisi haliwezi kukatika pale ghafla. Vipande vyembamba vya udongo ni bora. Kubomoa lipu ili kufikia matofali ya chini ni bahati nasibu: huenda yalijengwa yafunikwe, ni hafifu, na lipu ndiyo iliyokuwa ikizuia unyevu.

Ukianza kutafuta vifaa vya kale vya kweli, hapo sasa mtoto wako ndiye anayetawala. Rangi za zamani, hasa za chuma cha viwandani, mara nyingi zina madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, na kitu kilichopakwa kabla ya hapo sikiamini hata kidogo. Mtoto wa miaka miwili anagusa kisha anatia mkono mdomoni, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili wake. Kamwe usiikwangue rangi ya aina hiyo kwa msasa mkavu, vumbi lake ndilo baya zaidi. Ikiwa inabanduka, kiache kitu hicho dukani. Kutu tupu isiyo na rangi ni jambo dogo: brashi ya waya ukiwa nje, kitambaa, kisha nta au vanishi isiyo na rangi ili maji na hewa visifikie chuma.

Mbao za majukwaa ya kubebea mizigo (paleti) zina muhuri uliochomwa. Herufi HT maana yake zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. MB ni gesi ya sumu ya kuua wadudu, hizo achana nazo, pamoja na zisizo na muhuri wowote na zenye madoa ya mafuta. Na rafu yako ya mabomba, itikise kwa nguvu leo. Mtoto wa umri huo huona ngazi mahali ambapo wewe unaona rafu, kwa hiyo ifungwe ukutani juu na chini.

Kuna kazi ambazo ushauri wangu wa maandishi hautoshi. Taa yoyote ya zamani ya chuma iangaliwe na fundi umeme kabla ya kuichomeka, abadilishe waya na ahakikishe mwili wake umeunganishwa na waya wa ardhi, kwa sababu waya uliochubuka ndani huufanya mwili mzima wa taa kuwa na umeme. Taa nzito kwenye dari ya jipsamu isishikwe na jipsamu, fundi aifunge kwenye zege au mbao iliyo juu yake. Ukitaka kugusa ukuta wowote kwa nyundo, mjenzi auone kwanza. Na ikiwa tayari umekwangua kitu cha zamani ndani ya nyumba mtoto akiwepo, usisubiri dalili. Mpeleke hospitali wapime damu yake kwa risasi, dalili huchelewa.

Kwa mpangilio, ningefanya hivi. Jumamosi hii toa kila kitu kwenye kuta zote isipokuwa rafu, uache wiki nzima. Utaona ukuta wa mkaa kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo ingiza zulia na mapazia, piga makofi kabla na baada, usikie mwenyewe tofauti. Taa zifuate. Turubai ya rangi ije mwisho, hata kama itachukua miezi sita kuipata, kwa sababu ukuta mtupu hauumizi macho na picha ya kukimbilia huumiza kila siku. Zile picha tisa mpe mume wako azipige. Mtu aliyeitambua gereji haraka namna hiyo ana jicho, na pengine anajua gereji moja ya kweli ambayo mafundi wake hawatakataa mikono yao ipigwe picha.